Mchanga wa Katikati ya Pevingi: Kitu Kidogo Kinachoweza Kukukosesha Mnunuzi

 

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea uwanja. Vijana wengi mnaofanya kilimo biashara mmefika hatua ya kujenga sehemu ya kupokelea mazao, kupangia, kupima na kupakia kwenye gari. Wengi mnaweka tofali za pevingi, na mnafanya vizuri, maana tope na biashara ya mazao haviendani. Lakini nikizunguka vijijini naona uwanja umepata mwaka mmoja tu na tayari unacheza kama meno ya mzee. Ukiuliza, lawama zote ni kwa tofali. Mara nyingi tofali halina kosa. Kosa liko kwenye ule mchanga wa katikati ya tofali na tofali, ambao hakuna anayeukumbuka tena baada ya fundi kulipwa.

Na mimi mwenyewe nimewahi kuwa sehemu ya kosa hilo. Ngoja niwasimulie.

Simu ya saa moja asubuhi

Kuna kijana mmoja kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, upande wa barabara ya Mkuyuni. Analima karafuu, pilipili manga na ndizi, na anakusanya pia za majirani zake kisha anauza kwa pamoja. Mavuno yake mazuri ya kwanza hakununua pikipiki kama wenzake. Alijenga uwanja wa pevingi wa mita 10 kwa 10 mbele ya stoo. Nilijivunia sana, nikawa nampeleka kila mgeni akauone.

Masika iliyofuata, simu ikaita saa moja asubuhi. "Dada mtaalamu, uwanja umezama. Na mnunuzi amekataa magunia mawili ya karafuu. Naomba uje uone mwenyewe."

Nikapanda bodaboda. Nilichokikuta kilinitia aibu. Upande wa chini wa uwanja, pale kirikuu inaposimama kupakia ndizi, palikuwa na mifereji miwili ya matairi. Tofali zilikuwa zimeinama huku na huku, nyingine kona zimemeguka. Katikati ya tofali mianya ilikuwa mitupu, unaingiza ufunguo wa stoo mpaka nusu. Na juu ya uwanja wote palitapakaa vipande vyembamba vya saruji, kama magamba ya samaki.

Vile vipande ndivyo vilivyomkosesha hela. Karafuu zilianikwa kwenye turubai, lakini watu wanapita, wanakokota magunia, upepo unavuma. Mnunuzi alichota karafuu kiganjani, akatafuna moja, ikalia kachu kwenye jino. Akatema, akafunga mdomo wa gunia, akasema hizi warudi nazo. Nusu ya mzigo ule ulikuwa wa mama mmoja mjane anayemtegemea kijana huyu amuuzie. Yule mama alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye kibaraza. Hakusema neno baya. Aliniambia tu, "Karibu mwanangu," na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Maana saruji ile niliishauri mimi. Fundi alipomaliza kupanga, aliuliza mianya ajaze nini. Nikamwambia achanganye mchanga na saruji kavu, amwage, afagie, kisha anyunyizie maji, ishike vizuri. Niliona wengine wakifanya hivyo mjini, nami nikalichukua kama utaalamu. Pale Ilonga niliposomea stashahada hakuna aliyenifundisha pevingi, na sikujisumbua kumuuliza anayejua. Hilo ni kosa langu, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Kwa nini mchanga, na siyo saruji

Baada ya siku ile nilimtafuta fundi mmoja mzee mjini Morogoro ambaye amepanga pevingi miaka mingi. Alinieleza kwa lugha rahisi.

Fikiria daladala iliyojaa saa kumi na moja jioni. Dereva akifunga breki, wewe uliyesimama katikati huanguki, kwa sababu umebanwa na watu pande zote. Sukumo lako unawagawia wenzako. Sasa chukua daladala hiyohiyo ikiwa na watu watano waliosimama. Breki moja tu, mmoja yuko chini.

Tofali za pevingi ni hao abiria, na mchanga ndio unaowabana. Tairi la gari likikanyaga tofali moja, zile punje zilizokazana kwenye mianya zinapeleka sehemu ya uzito kwa tofali za jirani. Mchanga ukitoka, kila tofali linabeba mzigo peke yake. Linacheza, linagongana na mwenzake, kona zinameguka, na chini yake ule mchanga wa kulalia unaanza kuhama. Hapo ndipo mifereji ya matairi inapozaliwa.

Saruji je? Uwanja wa pevingi lazima ucheze kidogo sana gari linapopita na jua linapopiga. Mchanga unacheza nao, kisha unatulia tena. Saruji nyembamba ya kwenye mwanya haiwezi, inapasuka. Ikishapasuka maji yanaingia kwenye ufa, na vipande vinatoka kimoja kimoja. Isitoshe, siku ukitaka kunyanyua tofali moja urekebishe, utavunja matano.

Maji yalikuwa yanatoka wapi?

Nilidhani tukikwangua saruji na kujaza mchanga, kazi imekwisha. Yule mama mjane ndiye aliyetuokoa tusirudie kosa. Alinyoosha mkono kuelekea mgombani juu ya stoo akasema, "Hapo palikuwa na kijito cha mvua tangu mimi naolewa. Nyinyi mmekifunika."

Tukapanda kuangalia. Kweli. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kutoka shamba la juu, yanapita pembeni ya stoo na kuingia moja kwa moja kwenye uwanja. Upande wa chini nako hapakuwa na ukingo wowote, tofali za mwisho zimekaa tu kwenye udongo. Kwa hiyo maji yaliingia juu, yakasomba mchanga wa kwenye mianya, yakachukua na ule wa kulalia, yakatokea chini. Ungejaza mchanga kila wiki, ungekuwa unaupeleka mtoni tu.

Ndugu zangu, huku Uluguru maji siyo jambo la kubahatisha. Upande wa mashariki wa milima hii unapokea mvua nyingi kuliko mjini Morogoro, na mito inayoanzia huku ndiyo inayolisha Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji ya kunywa. Na sisi maafisa ugani tuna somo la zamani hapa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlimani, bila kuwasikiliza waliokuwa wanaijua ardhi yao. Sehemu nyingi ngazi zile zilifukua udongo usio na rutuba ukawa juu, mazao hayakustawi. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma mpaka pakatokea vurugu, na mpango ukafa. Mimi nilikuwa nataka kurekebisha uwanja bila kumuuliza aliyeishi pale miaka yote. Tofauti ni kwamba safari hii mwenyeji alinionea huruma.

Tulivyorekebisha

Kazi tuliifanya kwa mpangilio huu, nawe unaweza kuufuata:

1. Tulichimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa uwanja, ukayazungusha maji pembeni ya stoo mpaka kwenye majani, siyo kwenye shamba la jirani. Hii ndiyo iwe kazi ya kwanza. Usijaze mchanga kabla hujayatoa maji.

2. Tulinyanyua tofali za upande wa chini ulioharibika, zaidi kidogo ya zile zilizozama. Tukaziosha saruji, zilizovunjika tukazitenga.

3. Tulimwaga ukingo wa zege mwisho wa uwanja ili tofali zisisogee na mchanga usitoke. Ukingo tukauachia siku saba uive kabla gari halijasogea.

4. Tulishindilia kifusi upya, kisha tukatandaza mchanga wa kulalia wa sentimita 3 hivi, tukausawazisha kwa ubao. Usiongeze mchanga huo ili kuficha shimo. Shimo linazibwa kwa kifusi kilichoshindiliwa. Mchanga mnene unazama.

5. Tulirudisha tofali tukiacha mwanya wa milimita 3 hivi, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita moja, ukielekea mbali na stoo. Kwa uwanja wa mita 10, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 20. Kamba na pimamaji vinatosha.

6. Tulikwangua saruji yote iliyobaki kwenye mianya ya sehemu nzima. Kazi hii inachosha, tumeifanya kwa visu vya zamani na bisibisi kwa siku mbili.

7. Kisha ndipo tukajaza mchanga.

Mchanga gani, na unajazwaje

Mchanga wa kwenye mianya ni tofauti na wa kujengea ukuta. Uwe laini, msafi na mkavu kabisa. Sisi tuliuchekecha kwa kipande cha wavu wa mbu wa dirishani uliogongewa kwenye fremu ya mbao. Unaopita ndio unaotumika.

Usafi upime kwa chupa. Jaza mchanga sentimita 10 kwenye chupa ya maji ya plastiki, ongeza maji mpaka karibu ijae, tikisa vizuri, acha saa tatu. Udongo utakaa juu kama utepe. Utepe ukizidi milimita 8 hivi, mchanga huo una udongo mwingi, uoshe au tafuta mwingine. Udongo kwenye mianya ni shamba la majani, na ukilowa unageuka tope.

Ukavu upime kwa kiganja. Kamata, bana, fungua. Ukibaki donge, urudishe juani. Mchanga mbichi unaziba mdomo wa mwanya na chini panabaki patupu. Kwa macho utaona umejaa, mvua ya kwanza inakuumbua.

Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi. Vumbi la kokoto lina unga mwingi unaoshika maji na kuchafua mazao. Na tafadhali, usishuke na jembe mtoni kujichimbia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au kingo za mto. Nunua kwa anayeuza kwa kibali. Kiasi chenyewe ni kidogo mno kukuingiza kwenye kesi.

Tupige hesabu. Tofali la mstatili la sentimita 20 kwa 10, unene sentimita 6, mwanya milimita 3: mita moja ya mraba inakula takribani lita 2.6 za mchanga. Uwanja wa mita za mraba 100 ni lita 260, yaani ndoo 13 za lita 20. Weka 15 kwa ajili ya unaopotea. Ukiwa unaongezea tu sentimita 2 za juu, ndoo 4 mpaka 5 zinatosha uwanja mzima. Hiyo ndiyo gharama ya kuulinda uwanja uliokula mavuno yako ya msimu. Piga mwenyewe hesabu ya kuung'oa na kuupanga upya.

Namna ya kujaza: chagua siku ya jua, uwanja ukiwa mkavu. Mwaga mchanga kidogo kidogo, fagia kwa mshazari, siyo kufuata mstari wa mwanya, maana ufagio utauchota tena. Kisha tikisa uwanja. Mashine ya kushindilia inakodishwa mjini. Usipoipata, laza ubao mnene na ugonge juu yake kwa nyundo ya mpira, safu kwa safu. Mchanga utashuka. Jaza tena, gonga tena. Sisi tulirudia mara tatu ndipo ukakataa kushuka. Malizia kwa kufagia wote uliobaki juu.

Halafu hapa wengi wanakosea: usianike mazao wiki hiyo. Mchanga unaoelea juu bado upo hata kama huuoni. Fanya kazi hii kabla ya msimu wa kuvuna, siyo gunia la kwanza likiwa getini.

Mambo ya kila siku yanayokula mchanga

*Ufagio.* Chelewa ngumu kila asubuhi inachokoa mianya taratibu. Tumia ufagio laini kwa usafi wa kila siku, chelewa iwe kwa tope lililoganda.

*Mashine ya kuoshea magari.* Vijana mnaipenda. Ukiisimamisha wima juu ya mwanya, dakika moja inatoa mchanga wa mwaka mzima. Kama ni lazima, tumia mdomo unaotawanya maji, ulaze mshazari, simama mbali. Ukimaliza uwanja ukakauka, kagua mianya na uongeze.

*Majani.* Mengi hayatoki chini, ni mbegu zinazodondoka juu na kukuta vumbi kwenye mwanya usiojaa. Nimeona mchicha unaota vizuri kuliko wa bustanini. Ng'oa yakiwa machanga, au mwagia maji yaliyochemka, kwa uangalifu na watoto wakiwa mbali. Ndago hiyo ni habari nyingine, inatoka chini na kiazi chake. Ukikata juu umeisaidia. Nyanyua tofali, toa kiazi, rudisha. Dawa ya kuua magugu usipige kwenye uwanja wa chakula. Chumvi nayo hapana.

*Sisimizi na mchwa.* Ukiona vichuguu vidogo vya mchanga juu ya uwanja, ujue unatolewa chini. Kuna tabia ya kumwaga oili chafu ya gari. Kwenye uwanja wa mazao, acha kabisa. Karafuu na pilipili manga zinanyonya harufu, na mnunuzi wa viungo pua yake ndiyo mzani. Fagia, jaza mchanga, gonga ukaze, na rudia mpaka wahame.

*Gari.* Tofali la sentimita 6 ni la watu, pikipiki na gari dogo. Kama unategemea fuso, ulitakiwa uweke la sentimita 8 na kifusi kinene zaidi. Kama umeshaweka la 6, fuso isimame barabarani, mzigo ubebwe.

*Uanikaji.* Pevingi nzuri haiondoi turubai. Mianya inashika unyevu wa mvua hata juu pakionekana pakavu. Mahindi yanatakiwa yafike unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo kabla ya kuhifadhi, na ukiyaanika moja kwa moja kwenye sakafu yenye unyevu unakaribisha fangasi wa sumukuvu. Tusisahau mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa sumukuvu. Turubai chini, kila siku.

Kalenda fupi ya Morogoro

Mwezi Februari, kabla ya masika: safisha mitaro, ongeza mchanga, gonga tofali zinazocheza.

Mwezi Juni, masika ikishapita: pita uwanja mzima na njiti au msumari. Mchanga ukiwa umeshuka zaidi ya sentimita 1, ongeza. Ukiwa umeshuka nusu ya tofali, tafuta kwanza maji yanakopita.

Mwezi Septemba, kabla ya vuli: rudia kama Februari.

Kwa uwanja mpya, ongeza pia baada ya miezi mitatu ya kwanza, maana mchanga bado unatafuta mahali pa kutulia.

Uwanja ule leo

Masika iliyofuata nilikwenda siku mbili baada ya mvua kubwa. Mtaro wa juu ulikuwa umejaa matope, kijana anauzoa na koleo. Uwanja umekaa. Nilitoa ufunguo wangu nikaujaribu kwenye mianya upande wa chini, haukuingia. Sehemu moja karibu na mlango wa stoo mchanga ulikuwa umeshuka kidogo, maji ya paa yanadondokea hapo. Bado hajaweka bomba la paa. Tumekubaliana aweke kabla ya vuli.

Yale magunia mawili waliyapepeta na kuyachagua kwa mkono, yeye na yule mama na wanawe, jioni kwa jioni, wakauza sokoni kwa bei ya chini. Hasara waligawana. Mimi nilichangia mchanga na nauli, na nikaomba radhi mbele ya kikundi chao. Mwenyekiti akaniambia, "Bibi shamba, sasa tutakuamini, maana tumekuona ukikosea." Sina uhakika kama alikuwa ananisifia.

Leo ukirudi nyumbani, chukua ufunguo wa stoo, inama, upime mianya ya uwanja wako. Ukizama, unajua pa kuanzia: panda juu ya uwanja, utafute maji.